Sura ya Tisa: Doto Hakuwa Mgonjwa

Mwenye mtambo aliisikia shikamoo ya Inspekta Bhoke vizuri sana, akaamua kuiacha ining'inie. Aliendelea kupuliza chai yake. Kule Tarime alikozaliwa Bhoke, salamu iliyonyimwa marahaba inaweza kugombanisha koo mbili, lakini hapa Mwakitolyo hakuja kutafuta undugu. Akavuta kiti ambacho hakukaribishwa, akakaa.

"Wewe ni askari wa tatu kuja hapa," hatimaye mama yule akasema. Jina lake la ubatizo lilikuwa Paskazia, ila tangu ajifungue mapacha hakuna aliyelitumia tena. Wote walimwita Mama Kulwa. "Wa kwanza alikula kuku wangu. Wa pili aliomba mafuta ya gari. Wewe unataka nini?"

"Nataka mashine ya kamera."

"Mashine imekufa."

"Basi nataka maiti yake."

Mama Kulwa akaweka kikombe chini kwa kishindo. Meneja wake, Deusdedit, kijana wa Runzewe mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakaa kama karatasi, akacheka puani. Mlangoni alisimama Koplo Bartholomeo wa kituo kidogo cha polisi cha hapohapo. Yeye hakucheka. Alijua kwamba jalada lililomleta inspekta huyu lilikuwa na mwandiko wake.

Mtambo wa Mama Kulwa ulichenjua marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wamekwisha kuuosha. Dhahabu iliyobaki humo hunyonywa na kaboni, mkaa mweusi unaojazwa kwenye magunia na kufungiwa chumba chake. Wiki iliyopita magunia ya kaboni yalitoweka usiku, na Enock, mlinzi wa chumba hicho, akakutwa amepasuliwa kichwa kwa nondo. Mlinzi wa getini, Masalu, ndiye aliyepiga kelele. Shati lake lilikuwa na damu. Alisema imemrukia alipomwinua mwenzake, na hakuna aliyemsikiliza. Tangu siku hiyo, kwa kipigo na bila kipigo, alikuwa akirudia jambo moja tu: tazameni kamera, kamera zitawaambia sikutoka getini.

Kamera zenyewe zilikuwa nzima, zote nne. Kilichokufa ni diski mbili zinazotunza picha.

Sasa gari la kutoka Shinyanga lilikuwa njiani kuja kumchukua Masalu ashtakiwe kwa mauaji, kesi ambayo haina dhamana, na watu huozea rumande wakiisubiri. Sungusungu nao hawakungoja mahakama. Walikwisha mtenga mkewe, Asteria: asipewe moto, asichote maji kisimani, asijibiwe salamu. Bhoke alimpita nje ya geti, mwanamke huyo akiwa amekalia ndoo tupu. Mkuu wa upelelezi alikuwa amemwambia Bhoke waziwazi: gari likifika kabla hujapata kitu, mtu apakiwe. Hilo ndilo lililomfanya avumilie dharau ya chai.

"Koplo, njoo ushuhudie," akasema. "Na wewe mama, na wewe meneja. Nakata lakiri."

Alikata lakiri ya polisi iliyozungushiwa mashine, akafungua mfuniko kwa bisibisi. Diski mbili zilikaa ndani zimepangwa moja juu ya nyingine. Bhoke hakuzigusa. Akawasha tochi ya simu, akainama mpaka pua ikakaribia kuingia humo.

"Zilifungwa lini hizi?"

"Machi," Mama Kulwa akajibu. "Mpya kabisa. Donatus, fundi wa Kahama, alizileta zikiwa kwenye boksi moja."

"Meneja, ulikuwepo?"

"Mimi nilianza kazi Mei," Deusdedit akasema. "Lakini nimesoma mambo haya chuoni, inspekta, kwa hiyo nikusaidie. Hapa kuna karasha linasaga mawe kutwa nzima, kuna joto, umeme unakatika ovyo. Diski haipendi hata kimoja kati ya hivyo. Na ukifunga mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zikala vumbi moja na umeme mmoja, zinachoka pamoja. Hata huyo fundi ukimuuliza atakwambia hivyohivyo."

"Nilimuuliza kwa simu. Kasema hivyohivyo."

"Basi unatafuta nini?"

 Bhoke alikuwa anatazama vumbi. Juu ya diski zile vumbi jekundu lilikuwa limeganda kama ukoko wa ugali, na vumbi haligandi hivyo kwa miezi michache ndani ya sanduku lenye mfuniko. Kila diski ilitakiwa kushikwa na skrubu nne, na kila moja ilikuwa na moja. Tena diski ya juu ilikuwa na mraba wa gundi kuukuu, mahali palipobanduliwa karatasi. Ya chini haikuwa na gundi yoyote.

"Koplo," akaita bila kuinua kichwa, "uliiwasha mashine hii kabla ya kuipiga lakiri?"

"Meneja alisema imekufa, afande."

"Nimekuuliza kama uliiwasha."

"Hapana, afande. Ilikuwa imezimwa tayari."

"Nani aliizima?"

"Mimi," Deusdedit akasema. "Asubuhi ile nilitoka Shinyanga nilikolala, nikaikuta inalia pii, pii, pii. Nikaizima isije ikaungua. Au na hilo ni kosa?"

Bhoke akamtazama Koplo Bartholomeo kwa muda ambao koplo aliuona mrefu. Katika jalada koplo huyo alikuwa ameandika kwa kujiamini kabisa: diski mbili zimechunguzwa na kuonekana zimekufa. Mtu huyu angeweza kuandika kwamba marehemu mwenyewe amehojiwa, mradi tu meneja amwambie.

"Zile za zamani," Bhoke akauliza, "zilizotolewa Machi. Ziko wapi?"

Mama Kulwa akafungua droo ya chini ya meza yake. Akapekua, akavuta droo nzima, akainama. "Zilikuwa humu, kwenye mfuko wa nailoni. Deusdedit, mfuko wangu uko wapi?"

"Nilizitupa, mama. Muda mrefu. Mbovu za nini?"

"Zote mbili zilikuwa mbovu?" Bhoke aliuliza polepole.

"Kama hazikuwa mbovu zingetolewa?" Deusdedit akakunja mikono. "Nani mwenye akili zake anatoa diski nzima?"

Bhoke akaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamgeuzia karatasi ayatie sahihi. Deusdedit akasaini kwa madaha.

Fundi Donatus alifika na bodaboda, uso umejaa vumbi, na hasira zake zilitangulia kuingia. Alikuwa ameacha duka lake Kahama likiwa na wateja. Hakumsalimia mtu.

"Nimeshawaambia kwa simu! Diski zinakufa! Kila diski duniani itakufa, mpya itakufa, ya bei itakufa, tofauti ni siku tu! Ndiyo maana nilimwambia huyu mama aweke nakala ya tatu nje ya hapa, hata kanisani. Alinijibu nini? Kwamba nataka kupeleka picha za dhahabu yake kwa majambazi!"

"Na ulitaka!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Mtu gani anatembeza picha za chumba cha dhahabu?"

"Kaa chini, fundi," Bhoke akasema.

"Sikai."

"Basi simama uniambie kwa nini ulimuuzia mama huyu diski kuukuu ukamwambia ni mpya."

 Deusdedit ndiye aliyewahi kujibu, na haraka zake hazikumpita Bhoke. "Enhe! Nilihisi! Inspekta, huyo ndiye mwizi wako. Alifunga kuukuu, zikafa, basi. Mfungulie jalada lake."

Donatus akaja mezani akiwa amekunja ngumi. Koplo akasogea, Bhoke akamzuia kwa kidole. Fundi akainama juu ya mashine iliyo wazi. Akatazama. Akapuliza vumbi, akatazama tena, na ngumi ikafunguka yenyewe.

"Hizi si za Machi," akasema.

"Nimekwambia ni kuukuu."

"Hunielewi. Hizi ndizo nilizozitoa Machi. Hii ya juu ni Kulwa. Ona gundi, nilimbandika karatasi nikaandika MBOVU, kwa sababu alishaanza kugonga ndani na kupoteza picha. Hii ya chini ni Doto. Mpya zilikuwa na skrubu nne nne, nilizikaza mwenyewe. Nani amezirudisha hizi?"

"Kulwa na Doto?" Bhoke akauliza.

"Majina ya wanangu," Mama Kulwa akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa akifoka. "Alinieleza kwamba diski zinakuwa mbili, zinaandika kitu kilekile, mmoja akianguka mwingine anabaki. Nikasema hao ni mapacha. Nikawapa majina."

"Machi, Kulwa aliharibika. Na Doto?"

"Doto hakuwa mgonjwa," Donatus akadakia. "Doto alikuwa mzima kama chuma. Nilimwambia huyu mama, badilisha mmoja tu, tena ni afadhali, wakipishana umri hawatakufa siku moja. Akakataa katakata!"

"Ningekubali vipi?" Mama Kulwa akamgeukia Bhoke kana kwamba mwanamke mwenzake angalau ataelewa. "Mayu, mama, mimi nimelea mapacha. Ukimnunulia Kulwa gauni, unamnunulia Doto. Ukimpa huyu dawa, na huyu unamlambisha. Ukimpendelea mmoja, wa pili anaanguka kitandani, sisi tumeyaona. Nikasema akitoka mmoja watoke wote, waingie wawili wapya. Nao wa zamani nikawaweka mfuko mmoja, sikuwatenganisha."

Donatus akarusha mikono hewani. Alikwisha bishana sana kuhusu jambo hilo na hakutaka kurudia.

Bhoke alikuwa ameacha kuwatazama wote wawili. Alikuwa anamtazama meneja. Shati lililopigwa pasi lilianza kulowa kwapani.

"Mfuko mmoja," Bhoke akasema. "Karatasi moja ya MBOVU. Mtu aliyeajiriwa Mei akifungua droo, ataona diski mbili zilizotolewa pamoja, na atajua zote zimekufa. Akizirudisha kwenye mashine, kamera zitatazama bila kutunza kitu. Ni sawa, meneja? Nani mwenye akili zake anatoa diski nzima?"

"Mimi naenda kuangalia jenereta," Deusdedit akasema.

"Umeme upo. Koplo, funga mlango ukae hapohapo. Ukisogea hata hatua moja, cheo hicho utakiacha mezani."

Donatus akatoa laptopu na waya zake. Bhoke akamsimamia begani kama mkwe asiyemwamini bwana harusi. "Isomwe tu. Ukiandika hata nukta juu yake, wakili ataninyonyoa mahakamani nibaki uchi."

"Naijua kazi yangu."

"Na mimi naijua ya kwangu. Endelea."

Wakaanza na Kulwa. Akapata umeme, akaguna, akagonga tak, tak, tak, akanyamaza. Donatus akamtoa. Akamchomeka Doto.

Doto akazunguka. Sauti yake ilikuwa laini na haikukwama. Kwenye kioo majalada ya picha yakajipanga, ya miezi ya nyuma, na chini kabisa moja lenye tarehe ya usiku ule wa wiki iliyopita.

"Tazama!" Donatus akanyoosha kidole kulifungua.

"Usifungue!" Bhoke akamdaka mkono. "Nakala kwanza. Mbili."

"Si tuangalie kwanza?"

"Wewe si ndiye uliyefika hapa unapiga kelele kwamba diski zote zinakufa? Hii imekaa kwenye droo, imekaa kwenye vumbi. Ikikata roho tukiwa tunaitazama, nitamwambia nini hakimu, kwamba niliona kwa macho yangu? Nakili."

Fundi akabonyeza kwa kununa, na wakakaa kusubiri.  Nje karasha lilisaga mawe, na mara mbili Bhoke alikwenda dirishani kutazama barabara ya Shinyanga. Nakala ya kwanza ilipomalizika kwenye flashi, akaifunga ndani ya bahasha, wakatia sahihi yeye, Mama Kulwa na Donatus, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Ya pili ikabaki kwenye laptopu.

"Sasa fungua. Hiyo nakala, siyo Doto."

Kioo kikagawanyika vipande vinne. Picha ilianzia pale diski ilipofungwa, kwa hiyo mtu wa kwanza kuonekana alikuwa yule aliyeifunga. Alitoka mlango wa ofisi na mfuko wa nailoni mkononi. Alikuwa Deusdedit. Hakuvaa kofia wala hakujifunika. Akasimama chini ya kamera, akaikodolea macho kama mtu anayemtazama kipofu usoni, akatabasamu.

"Alisema amelala Shinyanga," Mama Kulwa akanong'ona.

Katika kipande cha getini, Masalu alikaa kwenye jiwe lake amejifunika blanketi, anamenya karanga. Katika kipande cha kaboni, meneja alifungua kufuli na kuanza kutoa magunia kuelekea ukuta wa nyuma. Kisha Enock akatokea, rungu begani. Alimwona bosi wake, akainua mkono kusalimia. Hakushtuka hata kidogo. Akaegemeza rungu ukutani, akamshika meneja upande wa pili wa gunia, wakabeba pamoja.

"Alimsaidia," Mama Kulwa akasema. "Mungu wangu, alimsaidia kubeba."

Gunia lilipokwisha kurushwa nje ya ukuta, Enock akauliza kitu. Midomo yake ilionekana. Meneja akajibu, Enock akatikisa kichwa kukataa, akageuka kuelekea getini aliko Masalu. Deusdedit akainama, akainuka na nondo. Mama Kulwa akafumba macho. Bhoke hakufumba. Getini, Masalu alikuwa bado anamenya karanga.

Hapo ndipo Deusdedit aliporuka. Hakwenda mlangoni, alikwenda mezani. Akamng'oa Doto kwenye waya wake, akamwinua juu kwa mikono miwili na kumbamiza kwenye sakafu ya saruji, akamkanyaga kwa kisigino, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kipande kikaruka chini ya kabati. Koplo Bartholomeo alimfikia akiwa amemaliza.

"Haya!" Deusdedit alihema. "Haya, ushahidi wako uko wapi? Uko wapi?"

Bhoke akagonga kifungo cha mfuko wake. Kisha akaonyesha laptopu, ambako meneja mwingine, mdogo na wa kijivu, alikuwa anafuta nondo kwa mfuko wa nailoni.

"Ahsante," akasema. "Nilikuwa na mauaji na wizi. Sasa nimeongeza kuharibu kielelezo, mbele ya mashahidi watatu. Mfunge pingu, koplo, na safari hii hakikisha mwenyewe kwamba zimefunga. Usimuulize yeye."

Mama Kulwa alisimama, akazunguka meza yake kubwa, akamtemea mate Deusdedit kifuani, kwenye lile shati. "Enock alikuwa na watoto wadogo," akasema. "Watoto wadogo, we mbwa!" Akakaa chini kwenye sakafu na kulia bila kuficha.

Gari la Shinyanga lilifika wakati Masalu anatolewa mahabusu. Askari wa gari walishuka na karatasi yenye jina lake, na ikambidi Bhoke awafokee mara mbili kabla hawajaelewa kwamba wa kupakiwa ni mwingine. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kwenye maduara yote, yale mashimo ya wachimbaji. Wachimbaji walijaa mbele ya kituo, walewale waliotaka tairi na petroli wamchome Masalu wiki iliyopita, sasa wanamzomea meneja. Maganga, mtemi wa sungusungu, alitangaza kwamba kutengwa kwa familia ya Masalu kumeondolewa. Alimwagiza mtu akajaze ndoo ya Asteria. Yule mtu akaishika ndoo. Asteria hakuiachia.

Masalu alitembea kwa kuburuta mguu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba na vidole havikunjiki. Alipofika kwa mkewe akaegemea bega lake. Bhoke akawasogelea. Alikuwa na maneno ya kiofisi ya kusema, kuhusu matibabu na fomu ya polisi na malalamiko dhidi ya askari waliompiga.

"Afande," Asteria akamkatiza. "Mimi nilikuja hapa siku ile ile. Niliwaambia Masalu hawezi kumuua Enock, wamekula sahani moja tangu walipokuwa Songwa. Mume wangu naye aliwaambia. Mlimvunja mkono. Leo mashine imesema, wote mmeamini."

"Ndiyo."

"Nataka kukuuliza. Na hiyo mashine ingekuwa imekufa kweli?"

Bhoke alitazama lile gari lenye injini inayounguruma, na karatasi iliyokuwa bado mkononi mwa dereva. Watu wa karibu walisogea ili wasikie. Angeweza kusema kwamba upelelezi una njia nyingi. 

"Ningempakia," akasema.

Asteria akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Wabeja kwa kutonidanganya," akasema. Akauzungusha mkono mzima wa mumewe shingoni mwake, akaokota ndoo yake tupu, na watu wakawapisha. Hawakupita njia ya kisimani.